Damu na Upendo: Ujasiri wa Kumkaribia Mungu

 

Leo twataka kuzungumza juu ya swali ambalo limewasumbua watu wa Mungu tangu zamani. Je, mtu aweza kujua, akiwa bado hai katika dunia hii, ya kwamba ameokolewa? Na akijua hivyo, je, aweza kumjia Mungu katika maombi pasipo kutetemeka, kama mtoto amjiavyo baba yake? Wako wasemao ya kuwa kujua hivyo ni kiburi. Husema, "Tutajua siku ile tutakapofika." Wako na wengine wasemao ya kuwa wao wanajua kabisa, tena wanajua ya kuwa jirani zao hawajaokoka. Kati ya makundi haya mawili wamo watu wengi wasiojua wasimame wapi. Huja kanisani, huimba, hutoa sadaka, lakini mioyoni mwao hawana raha.

Swali hili si geni kwetu. Katika Nyanza yetu liliwahi kuwasha moto mzuri, tena liliwahi kulipasua kanisa. Kwa hiyo tumeona vema tuwasimulie habari hiyo, maana waliotutangulia walilipa bei kubwa kwa somo hili, nasi hatuna haja ya kulilipia mara ya pili.

Wakati wa Wasomaji

Mwaka 1906 ni mwaka wa kukumbukwa katika nchi yetu. Mwaka huo Arthur Carscallen, mmisionari wa Kiadventista, alifika Gendia karibu na Kendu Bay pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya ghuba, wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianza shule yao Maseno. Wakatoliki nao walikuwa wamekwisha kufika upande wa Kisumu. Basi Injili ikaanza kuzunguka ziwa kwa miguu na kwa mitumbwi.

Mahali pengi kanisa na shule vilikuwa nyumba moja. Mtu aliyetaka kuwa Mkristo aliingia darasani, akajifunza herufi, akajifunza mafundisho, akangoja, akaulizwa maswali, na hatimaye akabatizwa na jina lake kuandikwa katika daftari. Ndiyo sababu katika Kiluo Wakristo wa kwanza waliitwa josomo, yaani watu wa kusoma. Hata Uganda waliitwa wasomaji vivyo hivyo.

Hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Pasipo kusoma, Agano Jipya la Kiluo lililokamilika mwaka 1926 lingekuwa karatasi tu mikononi mwetu. Wazee wetu walilisoma kwa mwanga wa koroboi, wakawasomea na majirani. Lakini pamoja na baraka hiyo liliingia wazo moja lenye hatari, nalo halikufundishwa na mtu, lilizaliwa lenyewe. Watu walianza kudhani ya kuwa mbinguni nako huingiwa kwa mtihani. Aliyesoma sana alikuwa karibu na Mungu, na aliyesoma kidogo alikuwa mbali. Bibi kizee asiyejua herufi aliketi nyuma kabisa, na moyo wake nao ukaketi nyuma.

Tena kumbukeni hali ya serikali ya siku zile. Makao ya wilaya yetu, iliyoitwa South Kavirondo, yalikuwa Kisii. Mtu wa pwani hii mwenye shauri kubwa alipaswa kufunga safari ndefu. Alipofika hakumwona mkubwa mara moja. Alimwona kwanza askari wa mlangoni, kisha karani, kisha mkalimani. Alivua kofia, akanyenyekea, akachagua maneno yake kwa hofu. Si ajabu kama watu waliozoea mlango wa namna hiyo walimfikiria Mungu kuwa kama Bwana Mkubwa aketiye nyuma ya meza, wa kujiwa kwa kupitia watu wengi, tena kwa mashaka.

Moto wa Uamsho

Katika hali hiyo ndipo ulipofika Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, alitoka hospitali ya Gahini katika Rwanda akaja Kampala. Alikuwa amechoka mwili na roho, maana njaa kali ilikuwa imeipiga Rwanda. Huko Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wawili hawa, mzungu na Mwafrika, waliketi pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Wote wawili walikuwa Wakristo tangu zamani. Hawakutafuta dini mpya. Walitafuta uzima katika dini waliyokuwa nayo.

Kutoka hapo moto ulianza kuwaka polepole. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alihubiri Gahini kwa bidii nyingi mpaka alipofariki Januari 1936, akiwa bado kijana. Mwaka 1937 kundi la wahubiri kutoka Rwanda na Uganda lilifika Kabete, karibu na Nairobi. Na kabla ya miaka ya thelathini kwisha, Uamsho ulikuwa umefika Maseno na kuenea Nyanza.

Wahubiri hawa walikuwa na swali moja la kuchoma: "Je, umeokoka?" Hawakuwauliza wapagani peke yao. Waliwauliza waliobatizwa, wazee wa kanisa, walimu, hata makasisi na wamisionari. Na swali hilo liliwachoma watu kwa sababu daftari la kanisa halikuweza kulijibu. Wengi waliona ya kuwa wamekuwa wasomaji pasipo kuwa watoto. Walisimama mbele za wenzao wakaungama dhambi zao kwa kuzitaja. Wengine walirudisha mali waliyoiba. Wengine waliwaendea adui zao wakapatana. Nao walishuhudia kwamba mzigo umeondoka, na ya kwamba sasa wanajua.

Walijua kwa sababu gani? Kwa sababu ya damu ya Yesu. Ndilo lililokuwa neno lao kuu. Hawakusema, "Nimeokoka kwa kuwa nimekuwa mwema." Walisema, "Nimeokoka kwa kuwa damu yake yatosha." Bibi kizee asiyejua herufi aliweza kusema neno hilo sawa na mwalimu, naye akatoka nyuma akasimama mbele. Huo ndio uliokuwa uzuri wa Uamsho. Ujasiri huo haukuwa wa maneno matupu. Katika nchi ya Wakikuyu, baada ya mwaka 1952, wako waliokataa kula kiapo wakafa, kwa maana walisema wamekwisha kufungwa kwa damu ya Kristo. Na Festo Olang', aliyekuwa mwaka 1970 Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Waanglikana wa Kenya, alikuwa mmoja wa watu wa Uamsho kutoka huku kwetu Nyanza.

Joremo na Johera

Hata hivyo, ndugu zetu, moto upikao chakula waweza kuichoma nyumba. Katika Nyanza watu wa Uamsho waliitwa Joremo, yaani watu wa damu. Miaka ilipozidi kwenda, baadhi yao walianza kuupima wokovu wa wengine kwa kipimo chao wenyewe. Asiyeungama hadharani kama wao alihesabiwa kuwa hajaokoka. Asiyetoa ushuhuda kwa maneno yao alitiliwa shaka. Ule uhakika uliokuwa zawadi ya neema ukawa, kwa wengine, fimbo ya kuwapigia jirani.

Ndipo likatokea kundi la pili ndani ya kanisa lile lile. Hawa walisema, "Ninyi mnaitaja damu, lakini upendo wenu uko wapi?" Wakaitwa Johera, yaani watu wa upendo. Mmoja wa viongozi wao alikuwa kasisi Matthew Ajuoga. Magomvi yalidumu miaka kadhaa. Yalichanganyika na mambo mengine pia, kama uongozi wa kanisa na uhusiano wa makasisi Waafrika na wakubwa wao Wazungu. Mwisho wake, mwaka 1957, Johera walijitenga wakaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Jamaa ziligawanyika. Watu waliokula meza moja ya Bwana hawakula tena pamoja.

Hatusimulii haya ili kumhukumu yeyote. Makanisa hayo mawili yako mpaka leo, na katika yote mawili wamo watu wampendao Bwana. Lakini yatazameni majina yale: watu wa damu, na watu wa upendo. Je, Biblia ilipata kuyatenga mambo haya mawili?

Neno Lasemaje?

Fungueni Waebrania sura ya 10. Katika mstari wa 19 mwandishi asema ya kuwa ni kwa damu ya Yesu sisi tunao ujasiri wa kuingia patakatifu. Endeleeni kusoma, msiifunge Biblia upesi. Mkifika mstari wa 24 mtamkuta mwandishi huyo huyo, katika maneno hayo hayo yasiyokatika, akituagiza tuangaliane na kuhimizana katika upendo. Damu iko mlangoni, na upendo uko ndani ya nyumba. Haiwezekani kuingia pasipo damu. Na haiwezekani mtu kusema ameingia, halafu akakaa humo kama nyumba haina watu wengine.

Yohana naye katika waraka wake wa kwanza afundisha vivyo hivyo. Katika sura ya 1 mstari wa 7 aitaja damu ya Yesu itusafishayo dhambi. Katika sura ya 4 asema ya kuwa upendo ukikamilika kwetu twapata ujasiri katika siku ya hukumu, na ya kuwa hofu hufukuzwa na upendo. Kisha katika sura ya 5 mstari wa 13 atuambia sababu ya kuandika kwake: ili tujue ya kuwa tunao uzima wa milele. Hakuandika ili tubahatishe. Na mstari ufuatao, wa 14, waingia moja kwa moja katika habari ya maombi: huo ndio ujasiri tulio nao kwake, ya kuwa tukiomba sawasawa na mapenzi yake atusikia. Mnaona jinsi yanavyofuatana? Ajuaye ya kuwa yeye ni mtoto ndiye awezaye kuomba kama mtoto.

Neno hili ujasiri, katika Kiyunani ambacho Agano Jipya liliandikwa kwacho, ni parresia. Lilitumika katika mji wa Athene kwa haki ya mwananchi huru kusimama barazani na kusema yote yaliyo moyoni mwake. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Basi mwandishi wa Waebrania alichukua neno la baraza la watu huru akaliweka mbele ya kiti cha enzi cha Mungu. Zamani, kama tusomavyo katika Mambo ya Walawi sura ya 16, kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeingia nyuma ya pazia, mara moja kwa mwaka, naye aliingia na damu. Lakini Yesu alipokufa pazia lile lilipasuka toka juu hata chini (Mathayo 27:51). Askari wa mlangoni ameondolewa. Karani hayuko. Kuhani Mkuu tuliye naye ni ndugu yetu, naye ayajua matatizo yetu.

Lakini angalieni pia, kusema kwa ujasiri si kusema kwa majivuno. Farisayo na mtoza ushuru waliomba katika hekalu moja (Luka 18). Farisayo alikuwa na uhakika mwingi sana, lakini ulikuwa uhakika wa matendo yake, tena ulihitaji mtu mwingine wa kudharauliwa ili usimame. Mtoza ushuru alisimama mbali, akaomba rehema tu, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Uhakika wa kweli haumtafuti mtu wa kumkanyaga.

Dhoruba na Nanga

Sisi watu wa ziwa twaweza kuyafahamu mambo haya vema kuliko wengine. Mwaka 1736 kasisi Mwingereza, John Wesley, alikuwa katika meli akienda Marekani kuwa mmisionari. Dhoruba ikapiga, maji yakaingia melini, na Waingereza wakapiga kelele kwa hofu. Lakini lilikuwamo kundi la Wakristo Wajerumani waitwao Wamoravian, nao waliendelea kuimba kwa utulivu, hata wanawake na watoto. Wesley alishangaa. Alikuwa kasisi tayari, alifunga, aliomba, aliwasaidia maskini, lakini aliona ya kuwa watu wale wanacho kitu ambacho yeye hana. Ilimpasa kungoja mpaka tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo London, ndipo alipopata uhakika ya kuwa Kristo ameziondoa dhambi zake, hata zake yeye. Basi kumbe hata mhubiri aweza kulikosa jambo hili, na hata mhubiri aweza kulipewa.

Wazee wa Rusinga na Mfangano hutusimulia jinsi mababu wa Abasuba walivyovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, wakiyakimbia mambo ya huko, wakapata kimbilio katika visiwa hivi na pwani hii. Mkimbizi haji na mali wala sifa. Huja na uhai wake tu, akitumaini kupokewa. Waebrania sura ya 6 yaeleza wokovu kwa mfano huo huo: sisi ndio tuliokimbilia, nasi tumepewa tumaini lililo kama nanga ya roho, iingiayo mpaka nyuma ya pazia.

Wavuvi wetu wa omena wajua kazi ya nanga. Usiku mawimbi yakiinuka, chombo hupanda na kushuka, taa hucheza, na tumbo la mgeni huchafuka. Lakini mvuvi haulizi, "Je, chombo kimetulia?" Auliza, "Je, nanga imeshika?" Chombo chaweza kutikisika usiku kucha, lakini kama nanga imeshika, asubuhi kitakuwa pale pale. Wengi wetu twautafuta uhakika katika chombo. Leo tuna furaha, twasema tumeokoka. Kesho tuna huzuni, twasema labda tumepotea. Ndugu, nanga haikuwekwa katika furaha yako. Imewekwa mahali ambapo Yesu ameingia.

Kwa Ajili Yetu Leo

Twasema haya kwa sababu yako mambo mazito katika pwani hii. Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI uliingia katika vijiji vyetu ukaua watu wengi mno. Wengi waliopungua miili yao waliambiwa ya kuwa hiyo ni chira, adhabu ya kuvunja miiko, nao walikufa wakiamini ya kuwa Mungu na mababu wamewafungia mlango. Leo dawa zipo, na watu wanaishi miaka mingi kwa afya. Lakini neno lile baya bado limo katika mioyo. Yuko mjane ambaye hajathubutu kuomba kwa sauti katika ushirika, maana adhani macho yote yamtazama. Mama, kiti kile chaitwa kiti cha neema. Hakikuwekwa kwa ajili ya watu wasio na haja.

Wako pia siku hizi watu wanaosimama mlangoni tena, mahali alipoondolewa yule askari. Wasema, "Toa kwanza fedha, ndipo maombi yako yafike." Wauza mafuta, wauza maji, na maskini auza mbuzi wake ili aombewe. Twawaomba, wapendwa, mkumbuke ya kuwa mlango uliofunguliwa kwa damu ya Mwana wa Mungu hauna ada. Ni vema kuombewa na ndugu. Biblia yatuagiza kuombeana. Lakini ndugu akuombeaye asimama pamoja nawe mbele ya kiti cha neema. Hasimami kati yako na kiti hicho.

Na kwetu sisi tunaosema tumeokoka, na tuyakumbuke yaliyowapata Joremo na Johera. Kama tuna uhakika, jirani na auone katika subira yetu, katika deni tunalolipa, katika ugomvi tunaoumaliza kabla ya jua kuchwa. Tukimwuliza mtu, "Je, umeokoka?" tumwulize kama mtu aliyeokolewa majini amwulizavyo mwenzake ambaye bado yumo majini, huku mkono wake umenyoshwa.

Basi usiku wa leo, kabla hujalala, au kabla hujaingia chomboni kwenda kuvua, fanya jambo moja. Mwambie Mungu yote yaliyo moyoni mwako, kwa lugha ya mama yako, pasipo kuyapamba. Ikiwa ni dhambi, itaje kwa jina lake. Ikiwa ni hofu, itaje. Kisha usijitazame wewe mwenyewe kuona kama umeomba vizuri. Mtazame yeye aliyeingia ndani ya pazia kwa ajili yako. Na kesho asubuhi, mtafute yule ndugu ambaye hamjasalimiana siku nyingi.

Tuombe. Baba yetu, twakushukuru kwa kuwa umetufungulia mlango kwa damu ya Mwanao. Wape uhakika wenye mashaka, wape unyenyekevu wenye uhakika, na utupe sote kupendana. Walinde walio ziwani usiku huu. Twaomba katika jina la Yesu. Amina.

Kaeni na amani, mpaka tutakapozungumza tena.